Uso Ulioniponyoka

Ijumaa, 14 Machi

Duka la mbegu limenipa daftari hili kwa sababu nilinunua mbegu za mahindi mapema kuliko wengine. Kila ukurasa una picha ya hindi linalotabasamu. Mke wangu Gladwell anasema niandike humu badala ya kumkosoa mtangazaji wa redio wakati watu wanakula. Nitajaribu.

Mimi ni Gicheru, wa hapa Kitale, mkalimani mstaafu wa mahakama. Kwa miaka thelathini na mmoja nilisimama kati ya hakimu na mshtakiwa, nikachukua maneno ya huyu nikampa yule bila kuongeza, bila kupunguza, na bila kubadilisha uso. Kuna mtu aliyemtukana hakimu dakika nane nzima, yeye, ng'ombe wake na shule aliyosomea, nami nikatafsiri yote kama anayesoma bei za mboga. Baadaye hakimu aliniita akaniambia uso wangu ni kama ukuta uliopakwa chokaa. Nililichukua neno hilo kuwa cheti.

Mvua bado. Mlima umejifunika wingu lakini halishuki.

Jumanne, 18 Machi

Nimemfunga Kibe drafti mara sita. Kibe tulifanya kazi pamoja, yeye akiwa karani wa masjala, na sasa ana kibanda cha kuuza misumari na rangi. Ubao wetu ni wa plaiwudi, na kete ni vizibo vya soda: vyangu hulala kifudifudi, vyake chali. Kibe anadai vizibo vyake vimepinda. Tangu nistaafu hakuna mtu wa mtaa huu aliyenifunga, na sisemi haya kwa kujisifu, nayasema kama ushahidi.

Alhamisi, 20 Machi

Gladwell ameosha mapazia ambayo hayakuwa machafu. Jumamosi binti yetu Mary Ann, muuguzi huko Bungoma, anatuletea watu wa Nyongesa, kijana anayetaka kumwoa. Nyongesa hutibu mifugo. Nimemwona mara mbili. Anazungumza nami taratibu kama ninavyodhani huzungumza na fahali.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika baada ya wageni kuondoka. Nitaeleza kwa mpangilio.

Walifika sita: Nyongesa, mama yake Nasike, ami yake Barasa ambaye ndiye msemaji wao, shangazi wawili, na Derrick, mdogo wake Nyongesa, kijana wa miaka ishirini na minne anayetengeneza simu mjini Bungoma. Baba yao alifariki zamani. Tulikula. Barasa akasimama kueleza kwamba wameona ua zuri katika boma letu. Alipofika kwenye ua lenyewe, mvua ikaja.

Ilikuwa mvua ya kwanza ya mwaka na ilikuja kama mtu aliyechelewa kazini. Juu ya mabati yetu husikii hata mawazo yako. Barasa alijaribu kupaza sauti, akashindwa, akaketi, na punde akasinzia. Watu wote wakabaki wakitazamana na kutabasamu, na kutabasamu kwa nusu saa kunachosha mashavu. Nikaona nitoke na ubao wangu hadi barazani, kwa kuwa drafti haihitaji masikio. Nilimwonyesha Nyongesa kiti. Akakataa kwa heshima. Aliyekuja kuketi ni mama yake.

Nasike ni mwanamke mpana, mtulivu. Aliweka mkoba wake mapajani na hakuutoa hapo hadi mwisho. Aliniinamia karibu na sikio akasema alikuwa akicheza kidogo huko Webuye, zamani, akauliza kama nitamvumilia.

Nilimvumilia. Mchezo wa kwanza nilimwachia vizibo viwili kwa adabu, maana ni mkwe mtarajiwa. Aliviokota kwa kidole kimoja, kisha akaokota vitatu ambavyo sikuwa nimemwachia. Nikajua adabu imeniponza. Mchezo wa pili sikuwa na adabu yoyote na ulikwisha haraka zaidi. Wa tatu niliucheza kama mtu anayesomewa hukumu. Kila alipopeleka kidole ubaoni nilijikuta nikisema, "Subiri kwanza." Alikuwa akisubiri, bila kulalamika, mkoba mapajani, kisha anaweka kingi yake palepale nilipoogopa.

Nilipoinua macho, nyumba nzima ilikuwa barazani. Hata Barasa alikuwa ameamka.

Nasike alivipanga vizibo vyangu kwa mstari, kifudifudi, kama ninavyovipenda, akasema, "Baba Mary Ann, mvua imepungua. Tuendelee na yale mambo."

Tukaendelea. Tarehe ya mazungumzo rasmi imewekwa, tarehe ishirini na sita Aprili. Sikumbuki mengine.

Jumapili, 23 Machi

Mvua. Kanisani nilikuwa nikipanga vizibo kichwani wakati wa mahubiri.

Alhamisi, 27 Machi

Kumbe Derrick alikuwa akirekodi. Ametuma video katika grupu la WhatsApp la familia zetu mbili, ambalo Mary Ann alilifungua juzi na kutia maua mengi katika jina lake. Video ni ya dakika mbili, imechukuliwa kutoka kwenye ngazi za baraza. Sauti yake ni mvua tupu. Naonekana kwa upande, nimeinama, na kisogo changu kinazungumza kuliko nilivyojua. Nimeandika chini yake: "Asante kwa kumbukumbu." Nadhani lilikuwa jibu la mtu mzima.

Jumatano, 2 Aprili

Nilimwandikia Kibe kumuuliza kama mbolea imefika dukani kwa jirani yake. Hakujibu kwa maneno. Alinitumia stika, zile picha ndogo ambazo watu siku hizi hutuma badala ya kufikiri.

Stika yenyewe ilikuwa uso wangu.

Uso mzima, umekatwa na kutengwa na kila kitu kama kichwa cha kabichi. Mdomo uko wazi kidogo. Jicho moja limekwenda kwenye ubao, jingine limebaki likiomba msaada. Mkono uko shavuni. Chini kumeandikwa SUBIRI KWANZA.

Nilimpigia simu. Akaapa kwamba hakujua ni mimi. Ameipata kwa shemeji yake wa Eldoret, na amekuwa akiitumia wiki nzima.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimeipata kutoka kwa: katibu wa ushirika wa maziwa, fundi wa bomba, na mtu aliyekosea namba.

Jumanne, 8 Aprili

Sasa kuna nyingine. Uso ni uleule, maneno tofauti. NILIKUWA NIMEJIPANGA. Nyingine: MIMI NIKISIKIA UNGA UMEPANDA TENA. Nyingine yasema KWANI HARUSI NI YA NANI, nayo hata sielewi maana yake, lakini Gladwell alipoisoma alitoka ghafla kwenda kuangalia kuku.

"Subiri kwanza" nilisema, siwezi kukana. Lakini haya mengine sikuyasema. Maisha yangu yote nimelinda maneno ya watu, wezi na wauaji wakiwemo, nisiwatie mdomoni hata herufi moja isiyo yao. Leo nchi nzima inanitia maneno mdomoni, na mdomo wenyewe uko wazi.

Jumapili, 13 Aprili

Katika grupu la wazee wa kanisa, mchungaji alitangaza kwamba ibada ya wiki ijayo itaanza saa kumi na moja alfajiri. Mzee mmoja akajibu kwa uso wangu. Kisha yeye akaufuta. Kisha mchungaji akaandika kwamba sote tuombeane.

Jumanne, 15 Aprili

Nimemwandikia Nyongesa barua, ya karatasi, kwa mkono, nakala kwa ami yake. Nimesema kwamba picha yangu ilichukuliwa nyumbani kwangu na mgeni wangu, Derrick, bila ruhusa, na kusambazwa kwa dhihaka. Nimesema kwamba hadi kijana huyo atakapofuta kila kitu, aombe radhi mbele ya wazee, na aondolewe katika ujumbe wao, mazungumzo ya tarehe ishirini na sita yamesimama. Niliisoma mara tatu. Ni barua nzuri. Gladwell alisema, "Baba Mary Ann, si ungengoja kidogo?" Nikamwambia nimengoja vya kutosha, dunia nzima imenisikia nikingoja.

Hakucheka. Nilidhani angecheka.

Ijumaa, 18 Aprili

Derrick alinipigia simu. Alisema, "Mzee, naomba msamaha kama nimekukosea, lakini ile video niliweka kwa grupu ya familia tu. Stika si yangu."

Nilimwambia kwamba kila mshtakiwa niliyewahi kumtafsiria alianza hivyohivyo.

Jumatatu, 21 Aprili

Tumepanda. Udongo umelowa vizuri.

Jumamosi, 26 Aprili

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Hakuja mtu. Gladwell alipika kwa mazoea sufuria kubwa, tukala wawili, na kilichobaki tukakipeleka kwa jirani yetu Kabura. Mvua ilinyesha kutwa na sikuweza hata kusikiliza redio.

Jumamosi, 3 Mei

Mary Ann hapigi simu. Akituma ujumbe anamtumia mama yake. Ananisalimia kwa kupitia kwake, "msalimie mzee," kama vile mimi ni mzee wa mtaa.

Jumanne, 6 Mei

Nimeweka drafti ndani ya simu. Unacheza na mashine. Kiwango cha chini kabisa kina picha ya mtoto anayenyonya kidole. Amenifunga.

Ijumaa, 9 Mei

Mtoto nimemfunga. Sasa nacheza na picha ya mwanafunzi mwenye miwani. Kila nikishindwa, simu inapiga tarumbeta na kuniuliza kama ningependa kuwajulisha rafiki zangu.

Jumapili, 11 Mei

Mary Ann amekuja, bila kutuarifu. Hakuketi. Alinieleza kwamba Derrick alikuwa na ukurasa wake mtandaoni, wa kuonyesha mama yake akicheza drafti na watu wa Bungoma, wanaume wenye ndevu, wote wanashindwa, na watu elfu tatu walikuwa wakiufuata. Barua yangu ilipofika, ami Barasa alimwagiza aufute wote, hata kama halikuwa kosa lake, ili uchumba usiharibike. Akaufuta siku hiyohiyo. Miaka miwili ya kazi. Wateja wengi wa simu walikuwa wakimjia kupitia hapo.

Nikasema kwamba alivuna alichopanda. Binti yangu nimemzoea akinijibu kwa kelele, tangu utotoni, na kelele naiweza. Safari hii alizungumza polepole.

"Baba, ulitulea ukituambia mtu hafungwi kwa sababu tu alikuwa karibu. Wewe umemfunga Derrick. Umesikiza ushahidi gani?"

Akaondoka kabla chai haijachemka. Viatu vyake viliacha tope barazani na Gladwell hakulifuta.

Jumatano, 14 Mei

Mahindi yamefika magotini. Palizi imeanza. Sikulala vizuri.

Jumamosi, 17 Mei

Naandika hili asubuhi kweupe, na nitaliandika kama nilivyofundishwa, jambo baada ya jambo.

Neno la binti yangu lilinikaa kichwani wiki nzima. Leo baada ya chai niliketi barazani, kwenye kiti kilekile, nikaweka simu ubaoni. Nilifungua video ya Derrick. Nikafungua na ile stika ya kwanza, nikaikuza hadi uso wangu ukawa vumbi. Sikuwa nimewahi kuitazama zaidi ya nukta moja. Nani hutazama?

Jambo la kwanza. Katika video naonekana kwa upande wa kushoto, maana Derrick alisimama kwenye ngazi. Katika stika naonekana kwa mbele, kutoka kulia.

Jambo la pili. Sauti ya video ni mvua tupu, kama nilivyoandika humu mwenyewe. Yeyote aliyeitazama hangeweza kujua kwamba nilikuwa nikisema "subiri kwanza". Aliyeandika maneno yale aliyasikia kwa masikio yake, na kwa mvua ile, ilibidi awe hatua mbili tatu kutoka kwangu.

Jambo la tatu. Aliyeukata uso wangu hakuwa fundi. Karibu na sikio amebakiza kipande kidogo cha kijani. Nilikitazama muda mrefu nikidhani ni kola. Sina shati la kijani. Nikageuka polepole kwenye kiti. Nyuma ya sikio langu, mahali palepale, palikuwa na tangi letu la maji, la kijani.

Ili umwone mtu wa kiti kile na tangi nyuma yake, lazima uwe mahali pamoja tu hapa duniani. Niligeuka tena. Ni dirisha la jikoni.

Siku ile jikoni kulikuwa na watu wawili. Kabura, jirani, aliyekuja kusaidia kupika, ana simu ya vitufe ambayo haipigi hata picha ya ukuta. Na mwingine.

Mwingine alikuwa dirishani sasa, ana kisu na kitunguu, ananitazama. Sijui alikuwa hapo kwa muda gani.

"Umefika," Gladwell akasema.

Nikamuuliza kama anataka kutoa maelezo. Alitoka nje, akaketi kwenye kiti cha Nasike, kitunguu mkononi. Alisema alipiga picha moja tu. Alimtumia dada yake Bilha, aliyeko Ol Kalou, peke yake. Bilha alimwonyesha namna ya kuifanya stika, na maneno wakayatia pamoja kwa simu, wakicheka. Bilha akawatumia wanakwaya wenzake. Baada ya hapo hakuna ajuaye. Nilipoandika barua alitaka kusema, akaogopa. Na kila siku iliyopita ikaongeza uzito wa kusema.

Nikamuuliza kwa nini. Si kwa nini alinyamaza, hilo nililielewa. Kwa nini picha.

Alikifikiria kitunguu.

"Miaka thelathini na minne nimeishi na huo uso wako wa kortini," akasema. "Watoto walizaliwa, ulikuwa vilevile. Mama yangu tulimzika, ulikuwa vilevile. Siku hiyo nilichungulia nikaona umefunguka wote, kama dirisha. Nikasema, ngoja niushike kabla haujafungwa."

Nilikuwa na mengi ya kusema. Nilikuwa na barua nzima ya kusema. Lakini sikuwa na mshtakiwa.

Jumapili, 18 Mei

Sijaenda kanisani. Gladwell amekwenda. Tunazungumza kuhusu chumvi tu na mahali zilipo funguo.

Jumanne, 20 Mei

Bilha amenitumia ujumbe wa kuomba radhi, mrefu, wenye mistari ya Biblia. Kisha, kwa bahati mbaya au kwa mazoea, akautia muhuri kwa stika yangu. Kisha akaifuta.

Nimecheka. Nilikuwa peke yangu shambani, kwa hiyo halihesabiki.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua ya mawe. Mahindi ya jirani yamechanika, yetu yamesalimika. Usiku Gladwell aliniuliza kama nimemsamehe. Nilimwambia hukumu itasomwa. Akasema afadhali isomwe haraka kwa sababu hakimu anakoroma upande wake wa kitanda. Basi imesomwa.

Lakini Derrick bado.

Jumamosi, 7 Juni

Nilikwenda Bungoma. Gladwell alitaka kuja, nikakataa. Barua niliiandika peke yangu.

Duka la Derrick ni chumba kidogo karibu na soko, kati ya muuza viatu na mwanamke anayekaanga samaki. Mbele ya meza yake waendesha bodaboda walikuwa wakingoja simu zao. Mmoja alinitazama, akatazama simu yake, akanitazama tena. Wakaanza kugusana viwiko. Nilivua kofia ili wanione vizuri, wamalize.

Nikamwambia Derrick mbele yao kwamba nilimshtaki kwa kosa lililotendeka jikoni kwangu. Kwamba alinieleza ukweli katika simu nami nikamkejeli. Kwamba nimeshaandika barua ya pili, nakala kwa Barasa, na ninamwomba radhi.

Aliweka chini bisibisi. Nilitarajia atasema si neno, kama vijana wasemavyo. Hakusema hivyo.

"Mzee, nilikuambia," akasema.

"Uliniambia," nikasema.

Mwendesha bodaboda mmoja alikohoa. Kisha Derrick alivuta kiti akanipa.

Nikamuuliza ukurasa wake unarudi vipi. Akasema haurudi, angeweza kufungua mwingine, lakini wa kwanza uliwachukua miaka miwili yeye na mama yake, na watu hawamfuati mtu hivihivi, lazima uwe na kitu cha kuanza nacho. Waendesha bodaboda walinitazama wote kwa pamoja. Mimi pia nikaelewa.

Basi nikakubali. Mimi, Gicheru, kwa hiari na akili timamu, niliketi mbele ya simu ya Derrick pale dukani, mkono shavuni, nikasema mbele ya Wakenya: "Subiri kwanza." Tulirudia mara tano. Derrick alisema mara ya tatu ndiyo nzuri.

Kisha alinipeleka nyumbani kwao kumsalimia mama. Nasike alinipa ugali na kuku, mkoba ukiwa umetundikwa ukutani, na hilo lilinifariji. Baada ya kula akatoa ubao. Amenifunga mara mbili, lakini ule wa pili alilazimika kufikiri.

Tulipokuwa tukicheza alinieleza alikojifunza. Alikuwa akiuza chai na mandazi nje ya lango la kiwanda cha karatasi Webuye, ambako mumewe alifanya kazi. Kiwanda kiliposimama, wanaume waliendelea kuja asubuhi, kwa mazoea, saa ya zamu zao, wakaketi kwenye mabenchi yake wakingoja lango lifunguliwe. Wakawa wanacheza drafti. Chai hawakuweza kununua tena, naye hakuwa na wa kumuuzia mwingine, basi akaketi akacheza nao. Mumewe alicheza hadi alipougua. Alisema alimfunga kila mtu wa zamu ya asubuhi na wengi wa zamu ya usiku.

"Walikuwa watu wazuri," akasema. "Wakifungwa wananyamaza tu. Hakukuwa na shimu za kupiga picha." Alisema "shimu" hivyo, nami sitalisahihisha, nyumbani kwetu tunasema "kurara" tukimaanisha kulala.

Jumatatu, 9 Juni

Video yetu. Waliotazama: arobaini na mmoja. Tisa kati yao ni mimi.

Derrick anaeleza kwamba watu hawapendi mtu anayejua anatazamwa. Uso wangu wa kukusudia, anasema, ni kama wa mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Lakini mtu mmoja aliandika chini yake, "Huyu ndiye yule mzee? Yule mama aliyemfunga yuko wapi?" Basi jioni Derrick aliweka mama yake. Sitaandika ni wangapi waliomtazama. Mpaka saa tatu usiku walikuwa wamezidi wote waliohudhuria kesi zangu zote.

Jumatano, 18 Juni

Mary Ann amepiga simu. Kwangu. Tuliongea kuhusu mahindi kwa dakika kumi na moja.

Jumapili, 29 Juni

Mvua. Nimemfunga mwanafunzi mwenye miwani. Sasa nacheza na profesa.

Jumamosi, 26 Julai

Wamekuja. Ishirini na mmoja safari hii, na Derrick mstari wa mbele, nimemketisha karibu nami mwenyewe. Mambo ya ng'ombe na mbuzi niliwaachia wazee, yakamalizika kabla ya chakula bila mtu kununa. Barasa alirudi kwenye lile ua, akalimaliza.

Mzee Barasa hana simu ya kisasa, na ilionekana ndiye mtu wa pekee magharibi ya nchi ambaye hakuwahi kuiona stika. Shangazi mmoja alimwonyesha wakati wa kushukuru chakula. Alitazama kwenye simu, akanitazama, akatazama simu. Kisha mzee huyo, ambaye barua yangu ilimfanya amwamuru mtoto wa ndugu yake afute kazi yake, alianza kutikisika mabega bila sauti hadi machozi yakatoka, na maombi yakasimama.

Gladwell alinitazama kutoka upande wa pili wa chumba. Alikuwa na hofu kidogo. Sijui uso wangu ulifanya nini, maana sikuushika. Naona yeye aliupenda.

Harusi ni Desemba, baada ya mavuno.

Jumapili, 3 Agosti

Mahindi yametoa ndevu. Mvua imeanza kupungua. Mlima ulionekana wote asubuhi, hadi saa nne.

Jumatano, 13 Agosti

Nilitumwa Bungoma kupeleka majina ya wageni wa upande wetu. Derrick alikuwa dukani, Nyongesa kazini. Nasike alikuwa peke yake nyumbani, anachagua maharagwe. Aliweka ungo kando, akaleta ubao bila kuniuliza.

Nilianza vibaya. Kisha, katikati, aliniwekea mtego ambao ningeuingia Machi na ningeuingia Juni. Nilikuwa nimenyoosha mkono tayari. Nikaurudisha. Nilikaa pengine dakika nne, na maharagwe kwenye ungo, na kuku mmoja akiyanyemelea, wala Nasike hakunihimiza. Nikaona njia. Nilitoa kizibo kimoja, akala. Nikatoa cha pili, akasita, akala, maana ilimlazimu. Kisha nikaruka vitatu kwa mpigo mmoja nikafika mwisho wa ubao nikawa kingi. Baada ya hapo hakukuwa na mengi. Alibaki na vizibo viwili pembeni, akavitazama, kisha akavisukuma kwa kidole kimoja kuelekea kwangu.

Nimejiuliza njia nzima ya kurudi kama aliniachia. Sidhani. Niliona uso wake. Si mtu wa kuacha.

Nilitazama huku na huku. Hapakuwa na mtu. Hapakuwa na simu hata moja. Yangu ilikuwa ndani ya koti, na koti ndani ya nyumba. Nikamwambia, kwa utani ambao haukuwa utani wote, kwamba nitahitaji atoe ushahidi, maana Kitale hakuna atakayeniamini.

Nasike alianza kupanga vizibo.

"Mimi nilipokufunga," akauliza, "nilimwambia nani?"

Nikafikiri. Nilipitia miezi yote mitano, video, stika, barua, ukurasa, shangazi. Wote walisema. Nchi nzima ilisema. Yeye hakuwahi kutamka hata mara moja, si mbele yangu, si nyuma yangu.

"Hakuna," nikasema.

"Haya," akasema, akavuta ungo wake.

Nimerudi jioni. Gladwell alikuwa barazani akimenya viazi. Aliniuliza kulikuwaje Bungoma.

Nikamwambia tulikunywa chai.